Uzi maalumu wa korongo: kabla hujatafuta "taji" wa kuremba bustani yako, soma hapa kwanza

Mwana wa Ligula (mleta mada)

Wakuu salaam kutoka Mtwara. Wakubwa wote shikamooni.

Kuna ndugu yangu anajenga nyumba ya wageni huku ufukweni. Ananijua ninavyopenda ndege, kwa hiyo akanipigia kuuliza atawapata wapi "wale korongo wenye taji, wawili watatu", watembee bustanini wageni wapige picha. Nilimjibu kwenye simu, ila jibu lilikuwa refu, na wazo hilo analo yeye na wengine wengi. Nimeona nilete hapa jukwaani tulijadili kwa kina.

Msimamo wangu nauweka mwanzoni ili asiye na muda aondoke nao: korongo ni ndege wa jozi. Ukitaka kujua kama mahali fulani wanafugwa kwa haki, uwe Kigamboni, Entebbe au Marekani, uliza maswali manne. Ana mwenza? Ana maji na majani ya kutosha kujificha? Anazaa? Na watoto wake wanapelekwa wapi? Bustani isiyoweza kuyajibu hayo haifugi korongo, imemfunga.

Sasa tuelewane tunamzungumzia ndege gani, maana huku kwetu kila mwenye miguu mirefu ni korongo. Wale weupe wanaosimama kwenye tope la ghuba ya Mikindani maji yakipwa ni yangeyange. Ukiwaona wanaruka, shingo wameikunja kama wanaona baridi. Wapo pia wale wakubwa wanaojenga viota juu ya miti na kugonganisha midomo, hao ni familia nyingine kabisa ingawa jina tumewapa hilohilo. Ninaowazungumzia mimi hutaga chini, katikati ya kinamasi, juu ya lundo la majani waliyoyang'oa na kuyakanyaga wenyewe. Angani wananyoosha shingo mbele na miguu nyuma. Na wana sauti! Wengi wao koo la hewa ni refu kupita shingo yenyewe, limejiviringa ndani ya mfupa wa kidari, ndiyo maana mlio wao unasikika kilomita kadhaa.

Aina zao duniani ni 15. Amerika Kusini hawapo hata mmoja. Afrika tuna sita: wawili ni wageni wanaoshuka kukimbia baridi ya Ulaya na Asia, wanne ni wenyeji. Katika hao wenyeji yupo wa buluu, ndege wa taifa wa Afrika Kusini. Yupo yule mkubwa mwenye vipande viwili vya ngozi vinavyoning'inia chini ya kidevu, ambaye kwetu Tanzania makao yake yanayojulikana ni mabwawa ya Malagarasi na Muyovosi kule magharibi. Yupo taji mweusi, wa kuanzia Afrika Magharibi hadi Sudan na Ethiopia. Na yupo taji wa kijivu, huyu wa kwetu, aliye kwenye bendera ya Uganda na ambaye jina lake wamepewa vijana wa timu yao ya taifa ya mpira.

Kimo chake kama mita moja, uzito kilo tatu na nusu hivi, kichwani kishungi cha manyoya magumu ya dhahabu, shavu jeupe, na chini ya koo kifuko chekundu anachokijaza hewa akitaka kunguruma. Ana jambo moja linalonifurahisha kila nikilikumbuka: hawa wenye taji, wa kijivu na mweusi, ndio korongo pekee wanaolala juu ya miti. Kidole chao cha nyuma ni kirefu, kinashika tawi. Wale 13 wengine kidole hicho ni kifupi, kwa hiyo usiku wanasimama majini. Mtu akikuonyesha korongo wa buluu kwenye tundu lililojaa vijiti vya kukalia, ujue aliyejenga tundu hakumuuliza ndege.

Halafu ngoma. Wanainama, wanafungua mabawa, wanaruka juu, wanarusha majani hewani na kuyadaka. Wengi wanadhani ni ya uchumba tu. Hapana, hata makinda wanacheza, hata wazee waliokaa pamoja miaka mingi wanacheza. Jozi ikishaungana hukaa pamoja msimu kwa msimu, na wenyewe wana wimbo wa kupokezana, dume sauti yake na jike yake, unaotangaza kwamba kinamasi hiki kina wenyewe.

Mchukue ndege wa namna hiyo umweke peke yake kwenye nyasi za hoteli. Kwanza lazima umzuie kuruka. Njia ya kudumu ni kumkata kiungo cha mwisho cha bawa moja akiwa kinda, na hataruka tena maisha yake yote. Njia nyingine ni kupunguza manyoya, ambayo yataota tena na utayakata tena. Wengi hawajui kuwa dume aliyekatwa bawa anapata shida kupanda jike, kwa sababu mabawa ndiyo yanayompa mizani akiwa juu yake. Kwa hiyo mayai mengi hayatungi. Unaona mzunguko huo? Umemkata ili akae, na kwa kumkata umemzuia kuzaa, basi akifa itabidi uende tena porini kutafuta mwingine.

Pili ni upweke. Kinda wa korongo humshika kama mzazi yule anayemlea. Akilelewa na mtu, ataona watu ndio wenzake. Kuna jike mmoja wa jamii ya Asia Mashariki, mwenye shingo nyeupe kwa nyuma, aliitwa Walnut. Alitotolewa 1981, akalelewa na watu, baadaye akapelekwa kwenye kituo cha Smithsonian kule Virginia. Madume wa jamii yake hakutaka hata kuwaona. Akamchagua mtunzaji wake, Chris Crowe, na yule bwana kwa miaka mingi akawa anamchezea ngoma yake, anapunga mikono, anainama, ili jike akubali kufanyiwa uhimilishaji kama tunavyofanya kwa ng'ombe. Walizaliwa makinda wanane. Walnut alikufa Januari 2024 akiwa na miaka 42.

Kabla yake alikuwepo Tex, korongo mweupe wa Amerika Kaskazini aliyezaliwa kwenye bustani ya wanyama ya San Antonio na kulelewa na watu. Jamii yake mwaka 1941 ilikuwa imebaki na ndege 21 tu porini. Ishirini na mmoja, wakuu, dunia nzima. Kila yai lilikuwa na thamani, na Tex hakuwataka madume. George Archibald, mmoja wa waanzilishi wawili wa taasisi ya kimataifa ya korongo iliyoanza 1973 kule Baraboo, Wisconsin, akahamia kuishi naye, akacheza naye msimu baada ya msimu mpaka 1982 yai moja likatotolewa. Kinda akaitwa Gee Whiz, akakua, naye akazaa.

Watu wakisimulia hadithi hizi hucheka na kusema ni mapenzi ya ajabu. Mimi naona ni fidia. Mtu mzima anacheza majanini miaka na miaka kulipia kosa la kumlea kinda bila wenzake. Ndiyo maana leo pale Baraboo wanaolea makinda wa kurudishwa porini huvaa kanzu nyeupe inayoficha umbo lote, hawaongei, na wanalisha kwa kikaragosi chenye kichwa cha korongo. Kati ya 2001 na 2015 makinda waliolelewa hivyo waliongozwa na eropleni ndogo nyepesi kutoka Wisconsin hadi Florida ili wajifunze njia ya kuhama. Sasa korongo weupe, wa porini na wa kwenye mabanda kwa pamoja, wanazidi 800.

Kwa hiyo sijasema bustani za wanyama zifungwe. Baraboo wanao 15 wote, na mpenzi wa ndege anaweza kuwatazama aina zote kwa siku moja. Ninachosema ni kwamba kuna kufuga ili warudi, na kuna kufuga ili wapigwe picha.

Taji wetu yuko hatarini kutoweka, daraja hilo alipewa 2012. Miaka ya 1980 walikadiriwa kuzidi 100,000. Leo hawafiki nusu ya hapo. Vinamasi vinakaushwa, nyaya za umeme zinawaua, sumu mashambani, na makinda wanaokamatwa kwa ajili ya bustani kama ile ya ndugu yangu. Na sheria ipo: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 hairuhusu ukae na ndege wa porini nyumbani bila kibali.

Karibuni tuchangie.

Mkwezi wa Mingoyo

Mkuu, uzi mzuri, hongera. Ila hapo kwenye kuwasifia Wazungu naomba tusimame kidogo. Sisi watu wa Lindi tuna kidonda. Mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria, yupo Berlin mpaka leo, wageni wanalipa kumtazama, na kijiji alikochimbwa barabara ni ya tabu. Leo wanachukua ndege walio hai, wanawaita wamehifadhiwa. Tofauti iko wapi?

Mwana wa Ligula

Mkuu Mkwezi, hoja yako ni nzito na siipuuzi. Ile mifupa ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, mababu zetu wakaibeba vichwani hadi bandari ya Lindi. Hilo ni deni, na wanaolidai wana haki.

Kuhusu ndege, Tanzania tuliwauza wenyewe kwa miaka mingi, taji wakiwemo. Mwaka 2016 serikali ikasimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Mimi nilishangilia siku ile.

Lakini maswali yangu manne hayabagui rangi. Uingereza korongo walitoweka karibu mwaka 1600 kwa kuwindwa na kukaushiwa mabwawa. Kati ya 2010 na 2014 wakaleta mayai kutoka Ujerumani kwa makubaliano, wakayatotolea Slimbridge, wakaachia ndege 93 kwenye nyanda za Somerset. Wale wanaruka huru sasa. Swali la nne wamelijibu. Iran nako kulibaki dume mmoja tu wa kundi la magharibi la korongo weupe wa Siberia, walimwita Omid, kila mwaka alikuwa anakuja peke yake. Mwaka 2023 akaletewa jike aliyefugwa Ubelgiji, Roya, wakaachiwa pamoja.

Na usione mfano mzuri uko mbali. Rwanda matajiri wengi na mahoteli walikuwa na taji bustanini, ilikuwa fahari. Daktari wa mifugo Olivier Nsengimana akaanzisha na serikali mpango wa kuwaandikisha wote bila kumshtaki mwenye ndege. Waliokuwa wazima wakapelekwa hifadhi ya Akagera kujizoeza na kuachiwa. Waliokatwa au kuvunjika mabawa wakajengewa makao yenye maji na majani pale Kigali, yanaitwa Umusambi, na watu wanaingia kuwatazama. Hesabu ya 2017 ilikuta taji 487 porini nchi nzima. Miaka michache baadaye wakavuka 1,000. Hapo hakuna Mzungu wa kumsifia, ni Mwafrika na kinamasi chake.

Mjenzi Msimbati

Kaka, ni mimi uliyenisema hapo juu, sina kinyongo. Nimeuelewa uzi, na hilo la bawa sikulijua kabisa. Ila biashara ni biashara, mgeni anayetoka Dar anataka kitu cha kuona. Eneo langu lina bonde linalotuama maji masika. Unanishauri nini badala yake?

Mwana wa Ligula

Kaka asante kwa kujitokeza, umenipa moyo sana.

Bonde hilo usilifukie. Hiyo ndiyo bustani yako. Lichimbe kidogo katikati maji yakae muda mrefu zaidi, upande mmoja liwe na kina cha kifundo cha mguu tu na tope wazi, upande wa pili acha matete na ndago viote. Usipige dawa ya wadudu karibu. Yangeyange watakuja bila kuitwa, na wengine nyuma yao. Weka kibanda cha makuti chenye matundu ya kuchungulia, ununue darubini mbili nzuri, na umwajiri kijana mmoja wa hapo kijijini anayejua nyakati za maji.

Tena wewe uko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Kuna ndege weusi kwa weupe wenye mdomo mnene, wanakula kaa, wanatoka ng'ambo ya bahari kule pwani za Uarabuni kuja kukaa kwenye fungu zetu. Kuna watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kwa ajili ya ndege huyo mmoja. Mgeni akimwona pale kwako kupitia darubini, picha ya korongo aliyekatwa bawa ataisahau.

Mama Karanga Nanyumbu

Wanangu mnaongea vizuri, lakini mimi ni mkulima. Ndege wakubwa wakiingia shambani wiki ya kwanza wanafukua mbegu yote. Karanga zinaliwa kabla hazijaota. Jirani zangu wengine wanaweka sumu. Mnatuambiaje sisi?

Mwana wa Ligula

Shikamoo mama. Umegusa penyewe, na bila nyie wakulima mjadala huu haufiki popote.

Ni kweli, taji anapenda karanga, mahindi na mtama, na hatari kubwa ni zile siku za kwanza mbegu ikiwa bado chini. Chipukizi likishashika mizizi, faida yake kwako inazidi hasara, kwa sababu anakula panzi, viwavi na minyoo. Ana tabia ya kupiga miguu chini kwenye nyasi ili wadudu waruke awadake. Kwa hiyo ulinzi uwe mkali muda huo mfupi: mtu au mbwa shambani alfajiri na jioni, hapo ndipo wanapokula sana. Majirani mkipanda kwa pamoja hasara inagawanyika, maana anayepanda peke yake mapema ndiye anayebeba kundi lote.

Wisconsin kulikuwa na ugomvi huohuo wa korongo na mahindi. Wale wa Baraboo wakasaidiana na wakulima kutumia dawa ya kupaka mbegu inayoifanya iwe na ladha mbaya bila kumuua ndege. Korongo akionja mbili tatu anaziacha, anabaki humohumo shambani akila wadudu. Hayo ndiyo mambo ya kuwabana maofisa ugani watuletee.

Sumu mama tafadhali waambie majirani waache. Haichagui. Inaua kuku wako, inaua mbwa, na kuna watu wanamwokota ndege aliyekufa wanampika.

Mama Karanga Nanyumbu

Marahaba mwanangu. Hilo la kumwokota na kumpika lipo, nimeliona kwa kanga. Nitalisema kwenye kikundi chetu.

Binti Rutamba

Habari zenu kaka na dada zangu. Mimi nasoma kidato cha tano, nyumbani Rutamba. Uzi huu nimeusoma wote. Nauliza mambo mawili. Mtu wa kusini akitaka kumwona taji kwa macho aende wapi? Na masomo yapi yanampeleka mtu kwenye kazi hii?

Mwana wa Ligula

Dada karibu sana, maswali yako yamenifurahisha.

Kumwona akiwa huru, mahali pa uhakika ni bonde la Ngorongoro, wanatembea kwenye nyasi wakiwa jozi na makundi. Kwa mtu wa kusini asiyetaka kuzunguka mpaka Arusha, panda Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, Makambako, ushuke nyanda za Usangu. Safari ni ndefu lakini kinamasi chenyewe ni darasa, utaona kwa nini maji ya mto Ruaha ni ugomvi wa taifa. Ukiwahi kufika Uganda, kituo cha elimu ya wanyamapori cha Entebbe wanao karibu kabisa. Simama pale muda mrefu, uyaulize yale maswali manne mwenyewe.

Masomo: baiolojia na jiografia zishike vizuri. Chuo cha Mweka kule Kilimanjaro kinafundisha usimamizi wa wanyamapori tangu 1963. Njia nyingine ni udaktari wa mifugo pale Sokoine, Morogoro. Yule Nsengimana wa Rwanda ni daktari wa mifugo, usisahau.

Ila usisubiri chuo. Ziwa Rutamba liko mlangoni kwako na msitu wa Rondo hauko mbali, una ndege ambao wataalamu wanavuka bahari kuwatafuta. Chukua daftari. Kila ukienda ziwani andika tarehe, saa, kina cha maji ulivyokiona, aina ya ndege na idadi. Ukikutana na korongo wa aina yoyote, wahesabu wakubwa mbali na makinda, kwa sababu idadi ya makinda ndiyo inayoonyesha kama mahali hapo bado wanazaa. Angalia miguuni kama wana pete za rangi, na ukiziona andika mguu upi na rangi kwa mpangilio wa kutoka juu kwenda chini. Kiota usikisogelee, mzazi akiondoka juu ya mayai kunguru wanaingia.

Ukijaza kurasa kadhaa, nakala moja mpelekee ofisa wanyamapori wa wilaya, nyingine ilete hapa kwenye uzi. Nitaisoma yote.